Sahani za Kambi Mawe

Nina hasira na sitazificha. Wangeci, mke wangu, ameniambia nikianza kusimulia habari za Selpha nikae chini kwanza, kwa sababu nikisimama napiga kaunta na wateja wanaogopa. Haya, nimekaa.

Selpha ni jirani yangu hapa Kambi Mawe, upande wa chini wa Kimumu, mjini Eldoret, pale lami inapoisha na vumbi la machimbo linapoanza. Mumewe, Wamalwa, alitoka pande za Webuye mwaka wa tisini na moja kuja kupasua mawe ya kujengea. Mwaka uliofuata Selpha akamfuata, mtoto mgongoni, sufuria mbili mkononi. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye kutoka Murang'a nikafungua duka hili. Hadi leo tunaitwa wageni. Mtu amezika wazazi wake hapa, ameozesha watoto wake hapa, lakini siasa ikipanda joto kidogo tu anaulizwa kwao ni wapi. Kuna mwaka tuliambiwa twende kwetu kwa moto. Mwaka mwingine tukaambiwa twende kwetu kwa upole, na mabasi ya bure tukaletewa. Nitafika huko.

Selpha ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea. Anazunguka nyumba kwa nyumba na viatu vyake vya mpira akiuliza nani ana kikohozi, mtoto gani hajapata chanjo, nani ni mjamzito. Walimpa rejista kubwa ya kuandika kila nyumba na watu wake. Sasa, sisi watu wa hapa hatupendi watoto wetu wahesabiwe. Kwetu Wakikuyu ni mwiko na kwao Wabukusu ni mwiko pia. Ukimnyooshea mtoto kidole ukisema mmoja, wawili, watatu, unamwitia mabaya. Siku ya kwanza alipoingia kwangu na hilo jitabu, marehemu mama yangu alimuuliza kama amekuja kununua mbuzi.

Selpha hakubishana naye. Alivuta kigoda, akaketi, akasema, "Mama, watoto mimi sitaki kuwajua. Niambie tu, jioni mnapakua sahani ngapi?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akasema ni tisa. Tangu siku hiyo Selpha aliandika Kambi Mawe nzima kwa sahani, kila sahani na jina la mwenyewe. Mtoto wa kunyonya, ambaye hana sahani, aliandikwa kwa penseli chini ya jina la mamake. Hakuna mtu aliyefungiwa mlango na hakuna aliyedanganya, maana nani atadanganya kuhusu sahani?

Mwaka wa elfu mbili kumi na nane Ashley, mke wa kijana wake Maurice, alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Ilikuwa Aprili, mvua imeharibu barabara, hakuna gari lingeweza kushuka huku. Walimpakia kwa boda boda, Selpha akikimbia nyuma kwa matope. Mtoto alifariki kabla hawajafika kwenye lami. Si kwamba alikuwa na shida yoyote. Alikufa kwa sababu ya kilomita tatu za matope, basi. Baada ya hapo Selpha alikuwa na neno moja mdomoni: dispensari. Kando ya machimbo kuna robo eka ya serikali, na wakubwa walikuwa wameshasema dispensari itajengwa hapo, mradi watu wawe wa kutosha. Watu wa kutosha! Rejista ya Selpha ilikuwa na watu elfu moja mia nane arobaini na sita.

Halafu ikaja sensa ya mwaka wa kumi na tisa.

Wiki mbili kabla, simu zilianza kulia. Waheshimiwa wa huko tulikotoka, wa kila upande, walikuwa na wimbo mmoja: njooni nyumbani mhesabiwe, idadi yetu ikiwa ndogo mgao wetu utaenda kwa wengine. Hata dini haikuachwa, kanisani tulisomewa matangazo. Ijumaa mabasi yakaja. Mimi sijawahi kuona serikali wala mheshimiwa akileta basi Kambi Mawe kuchukua mgonjwa, lakini siku hiyo mabasi yalijipanga mpaka kwenye geti la machimbo, na ndani kulikuwa na mkate na soda.

Selpha hakutaka kwenda. Ukoo wa mumewe ulimpigia simu mara tatu, mara ya tatu shemeji mkubwa mwenyewe, na mwanamke aliyeolewa hawezi kumkatia shemeji mkubwa simu. Lakini kabla ya kupanda, huyu mama alifanya jambo ambalo ni yeye tu angefanya. Wiki hiyo kulikuwa na chanjo ya watoto, na alitaka kujua nani ataikosa. Kwa hivyo alipita nyumba zote na rejista yake, na kila aliyekuwa anasafiri akamwekea herufi S kwa kalamu nyekundu. Akamaliza na jina lake mwenyewe.

Walirudi Jumanne. Karani wa sensa alikuwa bado anazunguka, kijana mpole aliyechoka, na swali lake lilikuwa moja: ni nani alilala hapa usiku wa Jumamosi, tarehe ishirini na nne? Watu wakasema ukweli, sisi tulihesabiwa nyumbani. Akaandika nambari kwa chaki mlangoni, akaenda zake. Nyumba ya watu kumi na moja inaandikwa mtu mmoja, yule shosho mzee wa nyumba aliyebaki na kuku.

Miaka miwili baadaye barua ikaja. Kulingana na takwimu rasmi, Kambi Mawe ina wakaaji mia sita na kumi na moja. Haistahili dispensari. Selpha aliisoma hapa dukani kwangu, akiwa amesimama pale penye magunia ya mahindi. Aliisoma mara mbili.

"Hawa ni watu wa upande wa mto peke yake," akasema. "Hao wengine ninaowatibu ni nani?"

Hapo ndipo nilipowasha moto. Niliitisha mkutano, nikachaguliwa mwenyekiti, tukaandika malalamiko, tukapata wakili mwenye roho safi aliyetutetea bila malipo. Tulisikia watu wa kaskazini nao wako kortini kwa sababu ya sensa hiyo hiyo, na hiyo ilitupa nguvu. Ombi letu lilikuwa rahisi: idadi hii si ya kweli, tuhesabiwe upya, tupewe dispensari yetu. Shahidi wetu mkubwa alikuwa Selpha na rejista yake. Na haraka ilikuwepo, kwa sababu Ashley alikuwa anaogopa kubeba mimba tena. Alikuwa amemwambia mama mkwe wake wazi kwamba hatazaa mtoto mwingine kwa hiyo barabara.

Kesi ilisikizwa mwaka wa ishirini na tatu, hapa mjini. Asubuhi hiyo nilimvuta Selpha kando kwenye ngazi za korti.

"Mama Maurice," nikamwambia, "hawa watakuuliza ulilala wapi siku ya sensa. Sema ulilala hapa. Hakuna mtu ataenda kuuliza."

Akanitazama. "Na wewe, Mzee Kinuthia, ulilala wapi?"

Nikamwambia tuingie, tunaitwa. Wacha niseme sasa, kwa sababu ndiyo maana nimeambiwa nikae chini. Mimi nililala Murang'a. Nilipanda basi la bure, mimi na Wangeci na watoto, tukala mkate na soda, na usiku huo kwa ndugu yangu tukachinjiwa mbuzi. Mwenyekiti mzima wa malalamiko. Nilikuwa sijamwambia hata wakili wetu.

Selpha aliapa kwa Biblia akakaa wima. Wakili wa upande ule mwingine, wa serikali, alikuwa mtu wa suti nzuri na sauti ya chini. Alishika rejista yetu na vidole viwili.

"Mama, hapa umeandika sahani kumi na moja. Hii ni hesabu ya watu ama ya vyombo?"

Watu wengine walicheka. Selpha hakucheka.

"Sahani moja ni mtu mmoja," akasema. "Mtaje yeyote hapo nitakwambia anaumwa nini."

"Na hizi S nyekundu?"

"Hao walisafiri kuhesabiwa."

"Wewe mwenyewe ulilala wapi usiku huo?"

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliinamisha kichwa.

"Nililala kwa ukoo wa mume wangu, ng'ambo ya Webuye," Selpha akasema. "Nilienda na basi. Mimi ni mmoja wao, andikeni kwamba nilikosa. Lakini Jumanne nilirudi hapa, na hapa ndipo naumwa, hapa ndipo nazika."

Yule wa suti akaomba Selpha asome majina yenye S, ili korti isikie. Jina langu lilikuwa la nne. Wakili wetu aligeuka akanitazama, na mimi ningeomba sakafu ipasuke. Zile S zote zikijumlishwa ni elfu moja mia mbili thelathini na tano. Ukitoa kwa idadi ya Selpha unabaki na mia sita na kumi na moja kamili, bila mmoja kuzidi. Huyu mama alihesabu kwa sahani, na akafika pale pale serikali ilipofika. Ukweli wake ndio uliotumaliza.

Hakimu alikuwa mtu wa heshima, simlaumu. Alisema rejista ile ni safi kuliko nyingi alizowahi kuona. Alisema pia kwamba watu hawa walihesabiwa, ila walichagua kuhesabiwa kwingine, na sheria haimhesabu mtu mara mbili. Kesi ikatupwa. Tulichagua! Mtu anaambiwa miaka thelathini kwamba hapa si kwao, anapigiwa simu na ukoo, anasomewa kanisani, analetewa basi mpaka mlangoni, halafu anaandikiwa kwamba alichagua. Na wale waheshimiwa waliotuma mabasi hawakutajwa hata mara moja. Hawakuwa washtakiwa. Walikuwa nyumbani kwao wakinywa chai.

Nilimwomba Selpha msamaha nje, pale pale kwenye ngazi. Alinijibu, "Twende, gari litatuacha." Hakunisema, na hilo lilinikera zaidi.

Sasa sikiliza hii. Mwaka uliofuata yule shemeji mkubwa alifariki, Selpha akaenda mazishi. Alipofika kwenye njia panda ya kuingia kijijini akaona jengo jipya. Kuta za rangi ya krimu, bati la buluu, tangi la maji, kitanda cha kujifungulia bado kina nailoni. Dispensari. Ndani kulikuwa na nesi mmoja anafuma sweta. Selpha, kwa mazoea yake, akaomba kuona rejista ya wagonjwa. Wiki nzima ilikuwa na watu saba.

"Tuliambiwa watu wa hapa ni wengi sana," nesi akamwambia. "Kwa makaratasi ni wengi kweli. Lakini mimi sijui huwa wako wapi."

"Wako Eldoret," Selpha akasema. "Wanapasua mawe."

Aliponieleza nilipiga hii kaunta mpaka glasi ya mizani ikavunjika. Dispensari yetu ipo. Ilijengwa kwa idadi yetu sisi, kwa zile S nyekundu, ikawekwa mahali ambapo hatupo. Na ya Murang'a nani ajuaye, pengine kuna nesi mwingine huko anafuma sweta kwa niaba yangu.

Mwaka huu Ashley alipata mimba baada ya yote. Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia, Selpha alimfungia nguo kwa mfuko akampandisha gari, safari hii kwa nauli yao wenyewe, wakaenda ng'ambo ya Webuye. Mwanamke wa Eldoret, karibu na hospitali kubwa kubwa ambazo watu husafiri kutoka mbali kuzifuata, anatolewa Eldoret akazae kijijini, kwa sababu kijijini kuna barabara kavu, kitanda kipya na nesi asiye na kazi. Walikaa huko wiki tano. Msichana alizaliwa salama, kilo tatu na nusu. Kwenye karatasi, mahali pa kuzaliwa: kule. Mtoto wa Kambi Mawe, hajafungua macho vizuri, tayari ameandikwa ni wa kwingine.

Waliporudi, Selpha alipita hapa dukani kwanza na rejista chini ya kwapa. Alichukua penseli yangu kwenye kaunta, akafungua ukurasa wao, akamwandika mtoto chini ya jina la Ashley.

"Mama Maurice," nikamwambia, "basi la bure likija tena hapa litanikuta nimelala mbele ya magurudumu. Nakuapia."

Alifungua kurasa taratibu mpaka akafika ya nyumba yangu, sahani tisa, ile ya marehemu mama imepigwa mstari, na ile S nyekundu kando ya jina langu haijafifia hata kidogo.

"Sensa ijayo utalala wapi, Mzee?"

"Hapa."

Akaniwekea kalamu mbele, akaweka kidole kando ya ile S. "Basi weka sahihi."

Wangeci alikuwa anatazama. Nikaweka.