Ganda Langu, Kiapo Chako

"Shangazi, kwa nini hukusema tu samahani?"

Mtoto wa kaka yake alimuuliza hivyo mlangoni, siku aliyorudi na kikombe chake cha kazini mkononi. Shangazi alivua viatu, akavipiga teke chini ya kochi.

Shangazi alikuwa mwandishi wa programu. Ile ya zahanati, ya kuita wagonjwa kwa namba, ilikuwa yake. Namba zilitoka mapokezi, maabara na kwenye simu, kila moja ikija kwa wakati wake. Yeye alizifunika zote kwa ganda moja la programu. Skrini ya ukumbini haikuhitaji kujua namba imetoka wapi. Ilisema tu, "Lete inayofuata," ikangoja. Lakini ganda lilikuwa la skrini moja. Skrini mbili zikivuta kwa mpigo, namba humezwa, isiitwe popote.

Mkuu wa kitengo alitaka skrini ya pili, tena upesi. Akaiunganisha mwenyewe. Kompyuta ikagoma: ganda hili si salama kutumiwa na skrini mbili. Badala ya kuziwekea skrini zamu, akaandika juu ya ganda maneno ambayo kwa mafundi wa programu ni kiapo: usikague, nadhamini mwenyewe. Kompyuta ikanyamaza.

Wiki hiyohiyo mama mmoja mwenye mtoto anayechemka homa alikaa mpaka zahanati ikafungwa. Namba yake haikuitwa.

"Ganda lako limetuaibisha," Mkuu alisema kikaoni, mbele ya wote. "Omba radhi, yaishe."

"Ganda langu, kiapo chako. Kifute."

"Mama, una kisirani wewe!"

"Na wewe una mdomo. Weka zamu kwanza, ndipo unipigie kelele."

Wenzake walikodolea simu zao macho, eti wana shughuli. Kabla ya chakula cha mchana Shangazi alikuwa ameshaonyeshwa mlango.

Nyumbani kaka yake naye akamshukia. "Sasa tutakula hicho kiburi chako?"

"Kula unyenyekevu wako, unenepe."

Shangazi akaishia kutengeneza simu kibandani. Kila alipokutana na Mkuu barabarani alimkazia macho mpaka yule bwana akavuka upande wa pili.

Mtoto yule alipofika sekondari, naye akaanza kujifunza programu, alimrudia Shangazi na swali lake lile la mlangoni. Shangazi hakuinua uso kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Ningeomba radhi, kosa lingekuwa limepata mwenyewe, na nani angelitafuta tena? Kiapo kingebaki palepale, mama mwingine akae angoje. Haya, sogea huko, unanizibia mwanga."