Matanga ya PV ya Wamaza

Nauza chai na mikate ya mafuta mbele ya ofisi moja ya serikali hapa Kabambare. Sitasema ni ofisi gani, wenyewe wakisikia watajijua. Nimewaona wakifika jua limeshapanda, mashati yamepigwa pasi, mkuu wao ana kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja yenye wino. Nikisikia mtu analalamika kwamba serikali iko mbali, namwambia hapana ndugu yangu, serikali iko hapa, inakunywa chai yangu na kulalamika kwamba sukari ni kidogo.

Emilienne sikumjua mpaka mvua za mwaka jana. Ni mjane wa Wamaza, mwembamba, mpole mpaka anaudhi. Alishuka kwenye pikipiki matope yamempanda hadi magotini, akaniomba maji ya kunawa kabla ya kuingia ofisini, maana kwao mtu haendi kuomba kitu kwa watu akiwa na miguu michafu. Nilimpa maji nikicheka moyoni. Viatu vya wale waliokuwa ndani vilikuwa safi kila siku, na sijui vilimsaidia nani.

Shida yake ilikuwa shamba la michikichi alilolipanda yeye na marehemu mumewe Octave. Octave mwenyewe amezikwa humo humo, kando ya kijito. Sasa tajiri mmoja wa Kasongo aitwaye Bruno, mtu wa magari na tumbo, alikuwa ametokea na cheti chenye muhuri wa ofisi hiyo hiyo, kinachosema ardhi ile ni tupu na amepewa yeye. Tupu! Michikichi imejipanga mistari, kaburi lina msalaba, lakini ni tupu. Vijana wa Bruno walikuwa wameshaambiwa kwamba mvua zikikatika waje na mashoka.

Kwa sheria, kabla serikali haijampa mtu ardhi, maafisa wake wanatakiwa wafike pale, wawaulize wenyeji, kisha waandike waliyoyakuta. Karatasi hiyo ndiyo wanaiita PV. Emilienne hakuwahi kuulizwa na mtu. Aliomba jambo moja tu, aoneshwe hiyo PV. Kama ipo, amjue aliyesema shamba lake halina mwenyewe. Kama haipo, cheti cha Bruno hakina miguu ya kusimamia. Mkwewe Aristote, mwalimu wa shule ya msingi, alimwandikia barua safi na kukumbusha kwamba katiba inampa kila mtu haki ya kupata habari.

Placide, mkuu wa ofisi, aliisoma barua hiyo huku anatafuna mkate wangu. Alisema katiba ni mambo ya Kinshasa. Kisha akaanza kumzungusha mama wa watu. Kwanza barua haikuwa na muhuri wa chifu. Emilienne akarudi Wamaza kwenye ile barabara ya mashimo, akauleta muhuri. Ikawa barua ya mkono haikubaliki, ipigwe kwa mashine. Ikapigwa. Ikawa ufunguo wa kabati la karatasi anao karani Moussa, na Moussa yuko kikazi Kindu. Huyo Moussa wa Kindu nilikuwa nimetoka kumpelekea chai nyuma ya ofisi, amevua viatu, anacheza karata.

Kila akija Emilienne alilala kwangu. Mimi nilitukana kwa niaba yetu sote wawili, yeye alinisaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mvua zikaanza kupungua. Hapo ndipo nilipomwona anaacha mchi kila mara kutazama mawingu, na nilimchukia Placide kama nilivyomchukia mtu mara chache maishani mwangu.

Safari ya mwisho Placide alitoka barazani mwenyewe, akasema kwa sauti ili wote tusikie.

"Mama, ile PV ilipotea. Tulitafuta, haiko. Vitu vinapotea, hata batu banakufaka. Rudia kwenu, uachie Mungu."

Emilienne alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru, na mimi nikatamani kummwagia mtu chai ya moto bila kujali ni nani kati yao. Lakini tulipofika jikoni aliniambia:

"Dada, muheshimiwa mwenyewe alisema ni sawa na kufa. Basi tufanye matanga."

Ili uelewe kilichofuata, lazima ujue matanga ya kwetu. Awe Mwislamu wa mjini au Mkristo wa shambani, hakuna anayepita msiba kama anayepita sokoni. Mwenye pikipiki huzima injini. Mtu huvua kofia, hukaa mkekani, halafu huuliza: alikufa namna gani? Na mtu wa nyumba ile lazima asimulie ugonjwa wote tangu ulipoanza, na akija mgeni mwingine asimulie tena. Nyumba isiyojibu, watu wanajua ndiyo iliyoua.

Basi asubuhi tukatandika mikeka mbele ya mlango wa ofisi. Wakaja wanawake wa kanisa la Emilienne, wakaja jirani zangu wa msikitini, mmoja wao, Mwamvita, akaleta sufuria zake kubwa za bugali. Tukafungua vilemba, tukajifunga vitenge kiunoni, tukaanza kuimba nyimbo za kilio taratibu. Hatukumtukana mtu hata mmoja. Tungetukana, wangetupiga na mambo yangeisha. Lakini nani anampiga mfiwa? Polisi aliitwa, akaja na fimbo yake, akatazama, akavua kofia na kukaa.

Wapita njia wakaanza kusimama. Wakauliza aliyekufa ni nani, Emilienne akawajibu kwa huzuni kwamba ni PV ya Wamaza. Ilikufa namna gani? Hapo alikuwa akionesha mlango kwa kidevu, anasema sisi ni wageni tu, tumekuja kulia, wenye msiba wako ndani.

Wakaingia kuuliza. Sijui kama Placide aliwahi kupata wageni wengi hivyo tangu apewe kile kiti. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa, mama yake tulimzika sisi, hakuthubutu kuwafukuza watu wa matanga. Aliyeingia kwanza aliambiwa PV ililiwa na mchwa. Aliyemfuata aliambiwa iliharibiwa na mvua. Wakatoka wakakaa mkeka mmoja, wakasimuliana. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa fupi kuliko baraza lenyewe. Kamaldine mwenye duka la sabuni alimkuta Moussa, ambaye Kindu ilikuwa imemrudisha ghafla, akamuuliza kwa heshima zote kama alikuwepo wakati inakata roho, maana ufunguo ulikuwa kwake. Moussa akasema kwa Mungu, yeye hajawahi kuiona PV hiyo hata ikiwa hai.

Jua lilikuwa utosini Placide alipotoka. Shati lake la pasi lilikuwa limemganda mgongoni.

"Haikukufa," alisema. "Haikukufa sababu haikuzaliwa. Hakuna mutu wa hapa alifika Wamaza kuandika PV. Sasa mutoke."

Nyimbo zikakatika. Emilienne alifunga kilemba chake pole pole, akasimama.

"Aksanti, muheshimiwa. Sasa uandike vile vile."

Placide alitazama mikeka yote ile na macho yote yale. Akavuta kalamu ya kwanza mfukoni, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Ya tatu sitaki hata kuisema. Polisi ndiye aliyemwazima yake. Akaandika kwamba ofisi haina PV yoyote ya shamba la Wamaza na haijawahi kuwa nayo, kisha akagonga muhuri mara mbili kwa hasira, maana watu hawa hasira zao hazina pengine pa kwenda. Sisi tukala bugali na sombe yetu, na kwa kuwa mwenye msiba hanyimwi, tulimpelekea sahani yake ndani.

Aristote aliipeleka karatasi hiyo Kasongo kwa hakimu, na cheti cha Bruno kikafutwa. Mashoka hayakuja. Bruno sasa nasikia anatafuta ardhi nyingine tupu, na mimi ningemshauri aanzie kichwani mwake.

Mwezi uliopita Emilienne alileta mawese yake soko la hapa, mekundu, mazito, ya michikichi ile ile. Nilikuwa nimekaa naye Placide alipokuja na chupa yake. Akachekacheka, akamwita Emilienne 'mama yangu', akaomba apimiwe mafuta ya Wamaza kwa bei ya ndugu, maana yamesifiwa.

Emilienne alimtazama kwa ule upole wake, akaufunga mtungi.

"Wamaza ni pahali patupu, muheshimiwa," alisema. "Mafuta itatoka wapi?"