Miguu Iliyoning'inia kwa Mama Mkwe

Siku hizi naona watu wanapanda gari kwenda kutazama mlima. Wanautazama, wanarudi, wanasema wamestarehe. Sikatai. Mimi kazi hiyo niliifanya enzi za Mwingereza, na nitasema wazi: siku ya kwanza niliyowapeleka watu kutembea, niliwadanganya tangu asubuhi.

Shule niliishia darasa la pili. Udereva sikufundishwa na mtu. Nilikaa juu ya magunia ya mfanyabiashara mmoja wa Dodoma miaka mitatu, nikimtazama dereva wake mikono na miguu, mpaka siku alipougua njiani nikashika usukani na kulifikisha lori. Kuanzia hapo lori likawa mikononi mwangu, na mimi nikawa mtu.

Lakini kwa baba mkwe wangu sikuwa mtu. Nilikuwa nimemposa binti yake, kule juu ya ukuta wa bonde upande wa Kilimatinde, na ng'ombe nilikwisha kupeleka wote. Mzee aliwapokea, akawachunga, akawakamua, na siku ya kunipa mke hakuitaja. Kila nikituma mtu kuuliza, jibu ni hilo hilo: "Mtu wa barabara ni vumbi. Leo lipo, kesho limepita. Kwanza gari lenyewe si lake." Mwaka wa pili huo. Nilisikia kuna mwingine mwenye mifugo mingi kuliko yangu ameanza kupita pale jioni, kusalimia tu.

Basi siku moja, mwisho wa kiangazi, tajiri wangu akaniita. Makarani fulani wa mjini, wateja wake wazuri, wanataka kwenda kutembea Jumapili, kutazama boma la zamani la Wajerumani la Kilimatinde na kuona bonde kutoka juu, kisha warudi siku hiyo hiyo. Nikasema ndiyo bwana. Moyoni nilikuwa nimeshapanga njia yangu. Nilitaka mzee anione nimekaa mbele, nyuma yangu watu wenye kalamu mfukoni, na mimi ndiye ninayesema tusimame hapa, twende pale.

Tuliondoka kabla ya jogoo kuwika. Walikuwa watano. Wa kutajwa ni wawili: karani mkubwa, mtu mrefu mwembamba mwenye kaptula nyeupe, soksi nyeupe hadi magotini na kamera ya boksi shingoni, na mke wake, mwanamke wa Pwani, mnene, mcheshi, aliyekaa nami mbele kwa sababu alisema benchi la nyuma halikutengenezwa kwa binadamu. Wale wengine watatu walikuwa makarani wadogo. Kazi yao ilikuwa kucheka karani mkubwa akicheka.

Tulipita Bahi, tukapita Kintinku, tukaupanda ukuta wa bonde huku rejeta inachemka kama sufuria ya maharage. Wote walikuwa wekundu kwa vumbi. Tulipofika juu, karani akagonga paa la kibanda cha dereva.

"Dereva, boma liko wapi?"

"Boma lipo, bwana," nikasema. "Ila mwezi huu lina nyuki."

"Nyuki?"

"Wakali. Hasa hawapendi mafuta ya nywele."

Karani alikuwa na mafuta kichwani ya kutosha kukaangia samaki. Akajishika utosini. Nikamwambia lakini ipo sehemu nyingine, bonde linaonekana lote, na nyuki hakuna. Mkewe akanitazama kwa upande. Nikakata kona kwenda ukweni.

Sasa lazima niwaeleze nyumba za kwetu. Ni tembe: kuta fupi za miti na udongo, na paa la bapa, nalo la udongo juu ya fito. Ya mzee ilikuwa imechimbwa ubavuni mwa mlima, hivyo kwa nyuma paa lilikuwa sawa na ardhi. Mgeni akitokea juu haoni nyumba, anaona uwanja. Mbuzi walikuwa wanapanda, kwa hiyo mzee alizungushia matawi ya miiba. Na jambo la pili: kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Haingii anamokaa, hamtazami, hasemi naye. Hata njiani mkikutana, mmoja anaingia porini. Mposaji anayevunja hilo anarudishiwa ng'ombe wake na neno limekwisha.

Nilisimamisha lori mbali kidogo, kwa adabu. Mzee alikuwa machungani. Nikawaambia wageni watazame bonde, mimi nikashuka kwa mbele kuuliza kwa mbali kama binti yupo. Jirani akasema amekwenda kisimani.

Huko juu karani alikuwa anawapanga wenzake apige picha. Nilimsikia: "Sogeeni kulia. Wewe, toa mkono. Hii miiba inaharibu picha." Akaitoa miiba. Kwa mikono yake mwenyewe aliiinua tawi baada ya tawi ili asichanike soksi, akaiweka kando. Kisha akarudi nyuma hatua moja ili waenee wote, akarudi hatua ya pili.

Nilisikia mlio wa fito kuvunjika. Nikakimbia hadi pembeni mwa nyumba. Karani alikuwa amezama hadi kiunoni. Juu kulikuwa na shati, kamera na mdomo uliofunguka. Miguu ilikuwa ndani, kwa mama mkwe wangu.

"Dereva," akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuzama zaidi, "ingia humo ndani unisukume kutoka chini."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi vipi? Mlango ule pale."

"Mlango nauona. Humo yumo mama mkwe wangu."

Makarani wadogo walimshika mikono wakavuta. Akapiga yowe, fito zilikuwa zimemkaba mbavuni kama mtego. Wakaacha. Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka ndani, kwa lugha yetu, ya chini na ya heshima: "Nimejifunika uso. Sijaona kitu. Mwambieni baba huyo atoke nyumbani kwangu."

 Neno lile 'baba huyo', kwa namna alivyolisema, ni la mkwe. Alikuwa amesikia lori, akajua ni langu, alikuwa amesikia sauti yangu, halafu miguu ya mwanamume ikashuka kutoka darini. Kwake yeye ilikuwa miguu yangu. Na kama ni miguu yangu, sina mke.

Nikamgeukia mwanamke wa Pwani. "Mama, nakuomba, ingia humo umwambie mwenye nyumba kwamba miguu hiyo si yangu."

"Nani kasema ni yako?"

"Yeye."

"Miguu ni yangu mimi!" karani akasema kutoka juu.

"Wewe tulia, usiifanye iingie zaidi," mkewe akamwambia, akainama akaingia.

Nilisimama nje nimeupa mlango mgongo, kama inavyotakiwa. Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni tu, lakini kilitosha. Nikamsikia mwanamke wa Pwani anaeleza.

"Mama, jifunue. Huyu si mkweo. Mimi miguu hii naijua. Huyu ni mume wangu."

 Kisha mama mkwe akauliza, "Mume wako?"

"Wa ndoa. Mwaka wa tisa huu."

"Miaka tisa," mama mkwe akasema. "Basi ndiyo maana. Ana mke mjini siku zote, na kwetu ameleta ng'ombe."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Ningeweza kuingia nikalimaliza jambo kwa sekunde moja: ningesimama pale na miguu yangu miwili, ile mingine inaning'inia, atuhesabu. Lakini kuingia kwenyewe ndiko kungenimaliza. Na juu yangu karani alikuwa amekwisha kuchoka na desturi.

"Dereva, nasema kwa mara ya mwisho. Ingia. La sivyo, kesho asubuhi namwambia tajiri wako, na lori hulioni tena."

Lori ndilo lililonifanya mtu, nimesema. Nilifikiri, sikufikiri sana. Nikamjibu, "Mwambie, bwana." Nikabaki nimesimama.

Pale mlangoni kulikuwa na mbuzi jike amefungwa. Kusema na mama mkwe ni mwiko. Kusema na mbuzi hakuna aliyekataza.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti, "nisikilize. Mimi niko hapa chini, karibu na kamba yako. Aliye juu ni karani. Sina mke mjini, hata chumba cha kumweka sina."

Mama mkwe naye akasema na jiwe lake la kusagia. "Jiwe, mwambie huyo mbuzi kwamba sauti haina miguu. Mtu anaweza kuwa juu na akamtuma mwenzake aseme chini."

"Mbuzi, uliza hilo jiwe, lini umeniona mimi na soksi?"

Jiwe lilikaa kimya kidogo. Nadhani mama alikuwa anainua ukingo wa kaniki aliyojifunika. "Ni kweli," akasema. "Mkwe wangu hana viatu vya namna hii. Lakini pengine ameazima."

Mwanamke wa Pwani akaanza kucheka humo ndani, kicheko cha kukata pumzi, na sisi tuliokuwa nje tukabaki tunatazamana. Hapo ndipo mzee alipotokea na ng'ombe wake. Alisimama. Alinitazama mimi niliyeupa mgongo mlango wake, akatazama nusu ya mtu juu ya nyumba yake.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Huyo ni nani?"

"Ni karani wa Dodoma, baba."

"Anafanya nini hapo?"

"Anatazama bonde."

Mzee akafikiri. "Na wewe umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu alipoingia."

"Amekuita umsaidie?"

"Ameniita, ametukana, amesema atanifukuzisha kazi."

Mzee akaegemeza fimbo yake ukutani. Akaingia ndani, nikamsikia anamwambia mkewe, "Jifunue, hii ni ya mgeni. Mwenyewe yuko nje, amesimama kama nguzo." Wakasukuma watatu kutoka chini, vijana wakavuta kutoka juu, na karani akatoka kama muhogo, mguu mmoja hauna kiatu wala soksi. Mkewe alitoka na udongo kichwani, bado anacheka.

Karani alitaka tuondoke saa ile ile. Mzee akaonyesha mawingu upande wa mashariki.

"Mvua iko karibu," akasema. "Tobo ni la nani?"

 Makarani wadogo wakatazama viatu vyao. Basi, nikashusha madebe mawili ya maji niliyobeba kwa ajili ya rejeta, mzee akatoa jembe, na kundi langu la matembezi likavua viatu na kukanyaga udongo. Karani mkubwa alikanyaga na soksi moja. Mimi nilikata fito na kuzipanga, kwa sababu juu ya paa ni nje, hakuna mwiko. Mama mkwe alijibanza humo ndani pembe ya mbali amejifunika, mimi natandika nyasi nimefumba jicho la upande wake.

Tulipopumzika, mwanamke wa Pwani akamwuliza mzee, "Baba, hawa nyuki wa bomani ni wa siku zote au ni wa msimu?"

"Nyuki gani?" mzee akauliza.

Watu watano wakageuka kunitazama juu ya paa. Na mambo yalivyo, ndiyo saa hiyo hiyo binti alipotokea njiani na mtungi wa maji kichwani. Akaona lori, akaona makarani na tope hadi magotini, akaniona mimi. Akainamisha macho, lakini mtungi ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

"Haya," mwanamke wa Pwani akasema. "Nyuki tumemwona."

Karani alikusanya hasira yake upya. Akaanza kusema tajiri atasikia hili na lile. Mkewe akamwambia taratibu, "Mume wangu, ukisema wewe, nami nitasema. Nitaanzia na soksi." Karani akanawa miguu kwa maji ya mtungi ule. Tajiri aliambiwa kwamba matembezi yalikuwa mazuri na bonde linaonekana vizuri.

Kabla hatujaondoka mzee alinifuata kwenye lori. Akaligusa tairi kwa fimbo kama anavyogusa ng'ombe asiyemwamini. "Nilisema wewe ni vumbi," akasema. "Vumbi halisimami mahali pamoja jua lote lile na huku linatishwa. Mavuno yakiisha, njoo umchukue."  Nilirudi Dodoma naimba, na mke wa karani ananisindikiza kwa makofi.

Yule mwingine aliyekuwa anapita jioni aliacha kupita. Lori langu mwenyewe nilinunua baadaye, kwa jasho langu, bila mkopo wa mtu.

Tulipopata mtoto wa kwanza, mzee alichinja mbuzi, na kwetu hiyo ndiyo siku mwiko unapolegezwa. Mama mkwe alitoka nje, akaiondoa kaniki usoni, na kwa mara ya kwanza tukasimama uso kwa uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya heshima. Yeye hakunitazama usoni. Aliinama, akaitazama miguu yangu muda mrefu, mguu mmoja kisha wa pili.

"Ile ilikuwa laini," akasema. "Hii ni ya mtu wa kulima."

Mimi ni dereva, na jembe nililikimbia nikiwa mtoto. Lakini siku ile nilimwitikia, "Ndiyo, mama."