Plau ya Binti Mhina

Majuzi nilipita nyuma ya soko la Korogwe, pale mafundi wanapotia majembe mipini, na harufu ikanisimamisha. Kama hujawahi kuisikia nitapata taabu kukueleza. Chuma kinatoka motoni kikiwa chekundu, kinasukumwa ndani ya mti ili kijitobolee tundu lake chenyewe, na mti unalia chiii, unatoa moshi mtamu mwanzoni, mchungu baadaye, unaokaa kooni mpaka jioni. Kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliniamkia, akaniuliza kama nataka jembe. Nikamwambia marahaba mwanangu, jembe ninalo, wewe niache ninuse tu. Akacheka, akadhani uzee umenipanda kichwani. Mwache acheke.

Harufu ile ilinirudisha Mashewa, kwenye masika ya pili tangu baba yangu achukuliwe jeshini kwenda kupigana vita vya Wazungu, huko walikokuita Bama, yaani Burma. Baba alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Kabla ya vita alifanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, na alipoondoka huko alirudi na kitu ambacho wengi kijijini hawakuwa nacho: plau, aliyoinunua kwenye duka la Mhindi pale Korogwe. Akatafuta na maksai wawili, akawaita Jemadari na Subira. Jemadari alikuwa mvivu, na Subira hakuwa na subira hata chembe. Baba aliwapa majina kabla hajawajua.

Plau yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wa huko ilikotoka. Ilikuwa na mipini miwili ya mti mzito, iliyopakwa rangi nyekundu, mirefu kiasi kwamba baba aliishika akiwa amenyooka kama anayesoma hotuba. Akiwa yeye nyuma yake, ulimi wa chuma uliingia kwenye udongo mweusi wa bonde la Lwengera, na bamba likaugeuza udongo ule unaonata, na mimi nilifuata nyuma pekupeku nikiusikia ubaridi wake kwenye nyayo.

Mama yangu hakuwa mrefu. Alikuwa Mzigua wa Handeni, binti wa Mzee Mhina, na watu wa upande wa baba hawakumwacha asahau. Akikataa jambo lolote, hata kama ni kuongezewa ugali, utawasikia, "Ndivyo walivyo watu wa Handeni." Naye hakupenda kuwaangusha.

Masika ya kwanza baada ya baba kuondoka, kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, alisema asitusikie tukihangaika, yeye atatulimia. Na alitulimia kweli. Alilima kwanza mashamba yake yote, akalima ya wakwe zake, akalima la rafiki yake wa kucheza naye bao, halafu mvua ilipokuwa inaaga akaja kwetu. Mahindi yetu yalitoka mafupi, ya njano, yenye vibunzi visivyojaa kiganja. Mwaka ule tulikula mchunga, ile mboga chungu ya porini, mpaka leo nikiuona sokoni nageuza uso.

Mwaka uliofuata mama hakungoja mtu. Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, aliwafunga nira Jemadari na Subira, akaniweka mimi mbele kuwaongoza, akaishika plau mwenyewe. Ilikuwa aibu ya mwaka. Mipini ilimfika kifuani. Kila ulimi ulipogonga jiwe au kisiki, mipini iliruka ikampiga mbavu, na plau, kwa kuwa hakuweza kuikandamiza wala kuiinua ilivyotakiwa, ilizama kama inachimba kisima. Maksai wakasimama. Mama akavuta, akateleza, akakaa kitako kwenye tope. Kule njiani walikuwapo watu wamesimama wakitazama, na sikuwahi kujua kwamba watu wazima wanaweza kucheka mpaka wakashikana mabega.

Baba mkubwa hakucheka. Alikuja jioni, akaketi uani, akazungumza kwa upole ambao bado unaniudhi nikiukumbuka. Alisema plau ni kitu cha mwanamume, na mali ya ndugu asiyekuwepo hushikwa na ndugu yake mkubwa. Akasema mwezi ukiandama atakuja kuichukua plau na maksai, avitunze. Kuhusu shamba la bondeni hakusema neno, na hakuwa na haja ya kusema. Kila mtu alijua kwamba kwa desturi yetu shamba lisilolimwa hurudi kwa ukoo, na ukoo pale ulikuwa ni yeye. Udongo ule wa bonde usingekubali jembe la mkono la mwanamke mmoja na mtoto wa kike. Bila plau hatukuwa na shamba, na bila shamba tungerudi Handeni na vibuyu vyetu kichwani.

"Nimekusikia, shemeji," mama alimjibu. Mimi nilimjua mama. Neno "nimekusikia" kinywani mwake halikuwa ndugu wa neno "nimekubali".

Alituma watu wampelekee salamu kaka yake Handeni. Mjomba wangu alikuwa mhunzi, mtu mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche, na mdomo usiopumzika. Alikuja kwa miguu akiwa na viriba vyake vya kuvuvia moto na kipande cha gogo la mpingo begani, huku akilalamika tangu mbali kwamba Mashewa hakuna miti, kuna kuni tu. Waliilaza plau uani wakaizunguka kama watu wanaochinja. Mjomba alitaka kuanza kugonga. Mama alimzuia. Aliishika mipini, akaiachia, akainama, akapiga magoti, akaniambia nivute mnyororo wa mbele, akatazama pua ya plau inavyoinuka na kushuka. Kisha akasema kinachoizamisha si uzito wake, ni kwamba inavutwa kutoka juu na kukandamizwa kutoka juu, na hapo hapo hakuna kitu cha kuizuia isiende chini.

"Sasa unataka nini, dada? Niifundishe kuogelea?"

"Nataka uikate."

Hapo inabidi nikueleze jambo. Kwetu mpini haukuwa kipande cha mti tu. Jembe unaweza kumwazima jirani, lakini unang'oa kwanza mpini wako, kwa maana mpini ulipimwa kwenye mwili wa mtu, kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati, na aliyepimiwa ndiye mwenyewe. Mtu akifa, mpini wake hung'olewa, na chuma hupewa wa kukirithi. Kukata mpini wa mtu aliye hai, hilo halikuwa likifanywa. Hata mjomba, ambaye hakuogopa kitu isipokuwa mchawi na mke wake, aliweka nyundo chini. Alimwambia mama watu watasema amemzika mumewe.

Mama alisema watu wana midomo, acha waitumie.

Basi wakaikata na kuing'oa ile mipini myekundu. Mama akajipima kwapani mwenyewe, mjomba akachonga mipini mipya, mifupi, iliyotanuka kwa pembeni ili asimame katikati yake badala ya kuisukuma kutoka nyuma. Chuma kilipoingia kwenye mti, ndipo harufu ile ninayokuambia ikajaa uani na kwenye nguo zetu. Mpingo wa Handeni ukachongwa gurudumu dogo, likafungwa chini ya pua ya plau, ili ulimi usiweze kuzama zaidi ya lile gurudumu linavyouruhusu. Na pale mnyororo uliposhikia, mjomba alitoboa tundu jingine chini ya lile la zamani. Yote yalikuwa hayo. Mtu angeweza kuyafanya tangu zamani kama angekuwa mfupi na mwenye hasira.

Maneno yalienda mbio kuliko mvua. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika, kisha wakaendelea alipoondoka, nikiwa bado pale kana kwamba mtoto hana masikio. "Amekata mipini ya mtu aliye vitani." "Basi amepata mwingine." "Amemfukia akiwa hai." Nilirudi nyumbani nikilia, nikamuuliza mama kama baba amekufa. Aliendelea kupepeta. Akaniambia, "Mimi sijui. Wao ndio wanajua? Waulize walipata wapi habari."

Mwezi ulipoandama baba mkubwa alikuja, na wanawe wawili na kamba. Alimleta pia Mzee Shemweta, mkubwa wa ukoo, mtu mkavu mwenye kikohozi, awe shahidi kwamba vitu vinachukuliwa kwa heshima. Alitukuta shambani, tayari tumegeuza kipande kizuri cha bonde. Aliitazama plau kwa muda. Uso wake ulinifurahisha, sitaficha.

"Hiki ni nini? Kitu kimetoka Ulaya kimekamilika, wewe unataka kumfundisha aliyekitengeneza?"

"Kijaribu, shemeji," mama alisema, akasogea pembeni. "Kama kinakufaa, chukua."

Sikuelewa. Nilitaka kupiga kelele. Baba mkubwa naye alikuwa mrefu kama baba, na kwa majivuno akaivua kanzu yake, akampa mwanawe aishike. Aliishika mipini. Akisimama wima, vidole vyake viligusa tu ncha zake, na plau ikatambaa juu ya udongo bila kuukwaruza. Akiinama ili aishike sawasawa, kichwa chake kilikuwa karibu na magoti, na makalio yake yametazama mlima wa Kwashemshi. Aliwapigia kelele maksai. Subira, ambaye hakupenda kungoja, aliondoka kwa nguvu, na baba mkubwa akafuata hivyo hivyo, amekunjika, akikimbia kwa hatua ndogondogo. Hakufika mwisho wa shamba. Alisimama katikati akashika kiuno kwa mikono miwili, akaguna kwa sauti ambayo ng'ombe waligeuka kuitazama. Mwanawe mmoja aliificha sura yake ndani ya kanzu ya baba yake.

"Ile mipini ya zamani iko wapi?" baba mkubwa aliuliza akiwa bado ameinama. Mama hakujibu. "Basi nitaipeleka kwa fundi wa Kilole, anitilie mingine."

Mzee Shemweta alikohoa mpaka akamaliza. "Hii ina kipimo cha nani?"

"Changu," mama alisema.

"Tuone."

Mama akaja akasimama katikati ya mipini, akainyoosha mikono, na viganja vyake vikatua mahali pake bila kutafuta. Nikawaambia maksai twende. Plau ikaingia kiasi cha gurudumu, si zaidi, na udongo ukageuka kwa mstari ulionyooka. Tulikwenda hadi mwisho, tukageuka, tukarudi. Tulipowafikia Mzee Shemweta alimwambia baba mkubwa, "Utang'oaje mpini wa mtu mikononi mwake, naye anaufanyia kazi? Mimi sijaona. Kama kaka yako akirudi na ana la kusema, atasema mwenyewe." Kisha akamgeukia mama kwa ukali. "Na wewe Binti Mhina, ulilolifanya si zuri."

"Ndiyo, mzee," mama alisema, akawapiga maksai kofi la mgongo tukaendelea na kazi.

Mwaka ule tulivuna. Miaka iliyofuata pia. Watu wengine, wafupi kwa warefu, walianza kumwita mjomba kutoka Handeni awakatie plau zao na kuwawekea gurudumu, huku wakiendelea kumsema mama kisimani. Baba mkubwa alitusalimia kwa pua. Habari za baba hazikuja. Wengine waliokwenda pamoja naye walirudi, wakasema walipotezana. Mama alilima.

Kisha asubuhi moja, vita vimekwisha zamani, mtu mrefu mwembamba aliyevaa koti la jeshi alikuja kwa kuchechemea kando ya bonde. Alikuwa amepitia kwa kaka yake kwanza, kama heshima inavyotaka, na huko alikuwa ameshashibishwa maneno. Mimi nilikuwa mbele ya maksai, mama nyuma kwenye mipini. Baba alifika, akaitazama plau, akaigusa mipini iliyong'aa kwa jasho la mama. Akamtazama mama.

"Mipini yangu iko wapi?"

"Niliipikia ugali," mama alisema.

Nilidhani atampiga. Badala yake mabega ya baba yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaketi kwenye udongo uliogeuzwa, na kucheka kule kukageuka kuwa kitu kingine, akajifunika uso kwa kofia. Mama alimwacha amalize. Halafu akamwambia kama anaweza kutembea, ashike kamba ya maksai, maana mtoto amechoka.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya ukali wa mama, na watu walicheka mahali panapotakiwa. Nilikuwa mtu mzima, na mume wangu yuko mbali bila habari, nilipoielewa. Jibu lile mama hakulitunga asubuhi ile. Lilitoka haraka mno, bila kutafutwa. Alikuwa nalo tangu siku alipoisukuma ile mipini myekundu chini ya chungu. Alilima nalo, akapepeta nalo, akapita nalo kisimani katikati ya wale waliosema amemzika mumewe, na hakumpa mtu mwingine yeyote, hata baba mkubwa alipolidai. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamlilia baba. Yule pekee aliyekata mipini yake ndiye aliyekuwa amemwekea neno la kumjibu, na hakuna mtu anayemwekea maiti jibu.