Niliua Sauti ya Gitaa la Baba Mkwe

Kosa ni langu peke yangu, na jina sitaliandika, maana nina vinyago vya kuuza na wateja wangu wanasoma. Mimi ni mchongaji, naishi Temeke, kwetu ni Newala. Kwenye mambo ya mbao huwa najiona profesa, na huo uprofesa ndio ulioniponza.

Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Gongo la Mboto. Amepiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani tangu mke wangu hajazaliwa. Ni gitaa la mbao tupu, halichomekwi kwenye umeme wala spika. Siku moja likapata ufa mdogo kwenye ubao wa mbele, chini ya tundu. Akaniita.

"Wewe si mtu wa mbao, mwanangu? Nizibie huu ufa tu. Mwezi ujao mie na mama yenu tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, kuna misa ya shukrani. Kuna wimbo nilimtungia tukiwa wachumba. Nataka nimpigie."

"Niachie mie, Baba," nikamjibu, kifua mbele.

Nilipolifikisha kijiweni nikacheka. Ubao wa mbele mwembamba, mwepesi, na kwa ndani umegundishwa vijiti vilivyolala mshazari. Nikadhani fundi wa kwanza aliishiwa mbao, akaokoteza. Nikasema mzee wa watu alipunjwa, ngoja nimtengenezee gitaa la maana.

Ule ufa ulitaka gundi na dakika kumi. Mimi nikabandua ubao mzima! Nikaweka wa mninga, unene wa kidole, nikauchonga ndege wawili na maua. Shingo nikaiona nene, haina umbo, nikaikondesha kama ninavyokondesha kiuno cha kinyago. Juu yake vanishi, mara nne. Ubao wa zamani niliutupa kwenye vipande, na mama anayekaanga mihogo jirani yetu akautia motoni.

Lilipendeza jamani. Wenzangu walilipiga picha wee. Hakuna aliyegusa nyuzi zake, hata mimi mwenyewe.

Baba mkwe alilisifu, akakaa, akapiga. Ikatoka sauti ya mtu anayegonga meza. Akainamisha sikio, akapiga tena. Nikamwahi: "Nyuzi hizo zimechakaa, Baba." Akanunua mpya.

Mimi nikamtafuta fundi magitaa kule Chamazi, nikamweleza nilichofanya. Alinitazama kwa huruma. "Braza, ule ubao mwembamba ndio unaotikisika ukatoa sauti. Vile vijiti vinaushikilia usipasuke, ila vinauacha utikisike. Na shingo inavutwa na nyuzi muda wote, ukiipunguza inapinda. Wewe umetengeneza kabati."

Kwa hiyo nilijua. Wiki ileile mzee akanipigia simu. Shingo ilikuwa imeshapinda, nyuzi zimenyanyuka, kuzibana ni kazi ya kubeba zege.

"Mwanangu, vidole vinaniuma na sauti haitoki. Nadhani mikono yangu imechoka."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Uzee huo, Baba. Pumzika." Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Siku ya misa hakupiga. Alikaa kando ya mama mkwe, suti imenyooka, mikono ameibana katikati ya magoti. Ule wimbo haukusikika. Jumapili iliyofuata akaaga kwaya, akasema vijana waendelee.

Nilikaa na siri hiyo miezi mitano, nikila wali wake kila nikienda kumsalimia. Kisha mke wangu akaniambia baba yake hataki tena kushika kikombe mbele ya wageni, anaogopa kitamponyoka. Sikumaliza chai. Nikaenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamwambia yote, mpaka habari ya mihogo. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka bila kugeuka. Mzee akaiinua mikono yake, akavikunja vidole, akavikunjua, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo siyo mimi," akasema. Akamwita mkewe kutoka jikoni. "Mama, njoo. Siyo mimi." Akalia mbele yangu, na mimi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Fundi wa Chamazi amekubali kulitengeneza upya, ingawa ameapa sauti ileile hairudi. Nyie mnaosoma, ukiambiwa uzibe ufa, ziba ufa, urudi nyumbani ukalale. Na ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo. Mzee amenisamehe gitaa. Ila ile miezi mitano aliyoiogopa mikono yake mwenyewe, hajaitaja, na mimi sijathubutu kumwomba msamaha wake.