Ukurasa Uliomupa Mama Piano

Mukiniona siku hizi napita nyuma ya soko ya hapa mujini Baraka badala ya kupita mbele ya kanisa yetu, musifikiri kuko mwanamuke ninamukimbia. Ni haya. Haya na hasira, sababu ile hasira haijaisha mpaka leo, na kwa vile kila mutu anaeleza habari yangu namna anavyotaka, afazali nieleze mwenyewe, mucheke mumalize, halafu musiniulize tena.

Mi kazi yangu ni kutengeneza kurasa za internet (tuko wachache hapa, na hata hao wachache bengi banategemea kuvua samaki kupata chakula). Mama yangu ndiye anaongoza Kwaya Umoja, bamama ba kanisa yetu. Ni mutu akikuta muhogo imedondoka njiani anauliza kwanza ni ya nani. Sasa kanisa ikapanga mashindano: Kwaya Umoja, kwaya moja kutoka Mboko, na Kwaya Matumaini, hao ni bamama ba Burundi banaotoka kambi ya bakimbizi, na zawadi ilikuwa piano ya umeme, mupya, ndani ya kartoni yake. Mama aliitaka ile piano kuliko mi nilivyotaka kitu chochote katika maisha yangu, kwaya yake inaimbia ngoma moja na ile ngoma imepasuka. Pasteri akaniita, akaniambia bajuge, bale banaotoa pointi, kila mara banasemwa eti banapendelea, basi tengeneza kitu ya ukutani, pointi zionekane, kila mutu aone na macho yake. Nikasema pasteri, lala usingizi.

Hapa musikilize vizuri, sababu ndipo ujinga ilipozaliwa. Ukurasa wa namna hiyo siuandiki vile unavyotoka. Naandika kwa kifupi tu: hii ni pointi, hii ni jumla, huyu ni mushindi. Halafu kuko programu, tunaiita kompilateri, inasoma maandishi yangu kabla ukurasa haujaenda kwa batu, inayageuza, na inaongeza yenyewe ile kazi yote ya kuchunga, kwamba pointi ikibadilika hapa, badilisha na pale. Lakini inaongeza tu kwenye umeiambia. Kwa mustari wa mushindi niliweka alama ndogo sana inayosema hesabu upya kila mara. Ukitoa ile alama, programu inahesabu mara moja tu, ukurasa unapofunguka, halafu inalala.

Siku moja kabla ya mashindano nikaenda kwa rafiki mwenye internet ya nguvu, nikateremusha kompilateri mupya. Nani alinituma? Hakuna. Ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini mi napenda vitu vipya, ndiyo ugonjwa yangu. Kujenga ukurasa tena, mistari myekundu: alama yako hatuikubali tena, sasa kuko namna ingine ya kuandika, soma maelezo. Nisome maelezo, batri iko inaisha, na rafiki anataka kufunga mlango? Nikafuta alama. Basi. Kompilateri ikanyamaza, ikajenga yote, hakuna hata neno moja jekundu, nikafungua nikaona imeandika Mushindi: Kwaya Umoja, nikasema tazama, inatembea. (Iliandika Kwaya Umoja sababu bote balikuwa na sufuri na bamama yetu ndio ba kwanza kwenye orodha. Mi sikujiuliza hata kidogo.)

Siku yenyewe tukatundika shuka nyeupe mbele, projekteri ikawaka, batu balijaa mpaka kwenye madirisha. Kila kwaya inaimba, bajuge banatoa pointi, mi naandika, na pointi zinapanda ukutani, batu banapiga makofi hata kabla ya pasteri kusoma. Nilikuwa nimevaa koti. Matumaini baliimba ba mwisho, na niwaambie ukweli, kanisa nzima ilisimama, hata mama yangu alisimama, analia. Pasteri akasema, "Haya, mutoto wetu, tuonyeshe mushindi." Nikabonyeza.

Kwaya Umoja, kwa maandishi makubwa.

Mama aliniangalia kwanza, kama anayetaka kuuliza. Halafu bamama benzake bakamuinua, na kabla sijafikiri kitu nikaona ile kartoni ya piano iko juu ya kichwa yake, anacheza nayo katikati ya kanisa. Upande wa kambi hakuna aliyepiga makofi. Mama Spès, kiongozi wao, mama mufupi wa sauti ya pole, akasimama akasema, "Mutoto wetu, tunaomba uangalie tena. Pointi zetu tuliziona."

Aliomba kwa heshima, na mi ningeangalia tena, ingeishia pale. Lakini nilikuwa na koti, na mikro ya kusemea mukononi, nikamujibu mbele ya batu bote: "Mama, kompyuta haina kabila."

Nilisema hivyo, kwa kinywa yangu, kwa mutu aliyekimbia nchi yake. Hata mupiga ngoma aliacha kupiga.

"Sijasema kabila," akajibu. "Nimesema pointi."

Pasteri, uso umebadilika, akaniambia nionyeshe pointi za kwaya zote pamoja. Nikabonyeza haraka, na kiburi, ili bajifunze. Zikatoka. Matumaini juu kabisa, mbali na bengine, Mboko katikati, Umoja chini kabisa, na chini ya Umoja, kwa yale maandishi makubwa, Mushindi: Kwaya Umoja. Mutu moja nyuma akacheka. Mwengine akasema, "Kama uchaguzi," na hapo kanisa ikawaka, na nikasikia kutoka kila upande, ni mama yake, ni mama yake, yule anayeongoza ni mama yake.

Mutu na akili angezima mashine. Mi nikafungua ukurasa upya, nikifikiri utahesabu vizuri. Ukahesabu kutoka mwanzo. Pointi zote zikapotea, sufuri, sufuri, sufuri, na ukutani kukabaki Kwaya Umoja peke yake imeshinda. "Sasa anafuta," mwanaume moja akapiga kelele, "munaona, anafuta!" Nikashika mikro nikaanza kueleza kompilateri, alama, mistari myekundu, na kila neno niliyoongeza ilinifanya mwizi zaidi. Mama hakungoja. Alishusha kartoni, akavuka nayo kanisa nzima, akaiweka mbele ya Mama Spès, akainama, akarudi kukaa. Hakuniangalia.

Basi bazee ba kanisa bakaniita. Nilibeba kompyuta, nikabaonyesha mustari wenyewe, alama ilikuwa hapa, nikaifuta, ndiyo ikalala. Baliangalia kioo, bakaangaliana. Pasteri akaniambia kwa upole (na ile upole ndiyo ilinichoma), "Mutoto, tunakupenda. Sema tu uliiba, tukuombee, iishe." Nikagonga meza. Nikabaambia sijaiba, na nilitoka bila kuaga. Kesho yake bakamuambia mama asiongoze kwaya mpaka kesi ya nyumbani kwake inyooke.

Nilikuta mama jikoni, anapepeta unga, unga ulikuwa safi tayari na yeye anaendelea kupepeta. Akasema, "Kama uliiba, najua namna ya kupiga magoti. Nimeombea bezi bengi. Hii yako nitasimama mbele ya batu niseme ulifanya nini?" Nikaanza kueleza tena. Akaniinulia mukono, si kwa hasira, na akasema, "Mi sitaki kuelewa, mutoto wangu. Nataka kuimba."

Siku ya ibada nikasimama mbele, nikasema niliiba. Nilisema bila machozi, meno yamefungana, na kanisa nzima ikajibu amina, bakapiga makofi, bazee bakanikumbatia mumoja mumoja, na mama akarudi mbele ya kwaya yake ibada ile ile. Makofi yale yananikasirisha mpaka leo. Balinisamehe kitu sikufanya, na ile niliyofanya hakuna anayeijali, sababu hakuna anayejua jina yake.

Kutoka nje nikamukuta Mama Spès, alikuja na kwaya yake kutusalimia. Nikamuomba musamaha ya lile neno nililomujibu kwenye mikro, na hiyo niliomba kweli. Akanishika mukono, akasogea karibu asisikilizwe na bengine. "Najua haukuiba," akasema. "Mwizi angefanya vizuri zaidi."

Sijui kama nilipaswa kucheka. Ninachojua, kompilateri ikiniandikia tena kwa nyekundu nitasoma mpaka mwisho, hata batri inifie mukononi mwangu. Na mikro, hiyo bapatie mutu mwengine.