Nilimwambia Baba Mkwe Nimeona Zizi Mwezini

Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa sekondari hapa Sumbawanga, nimepanga chumba mtaa wa Chanji. Kwa kabila ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe nikiwa bado nabebwa mgongoni. Naomba mnifichie jina, maana mji huu ni mdogo na watu wake hawana kazi zaidi ya kujadili ya wenzao.

Nina mchumba, nimwite Oliva, binti wa Kifipa, mpole, anauza kwenye duka la vitambaa mjini. Tatizo langu ni baba yake. Mzee huyu alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, akarudishwa nyumbani. Wenzake waliopunguzwa kazi walifungua magenge, wengine wakaenda Kabwe ziwani kuchuuza dagaa. Yeye akaenda kwenye duka la intaneti, akaomba wamtolee picha za mwezini zilizopigwa na vyombo vya anga, na tangu hapo shamba ni la mkewe.

Ukienda kwao unakuta makaratasi yametandazwa mezani, meusi tupu, wino umevuja, na mzee mzima ameinama na kioo cha kukuzia kama anatafuta chawa. Anachotafuta ni majengo. Anaamini mwezini kuna matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, kama yale ya mababu wa Kifipa ambayo magofu yake bado yapo maporini huku. Eti Wazungu wanayaona ila wanaficha. Nilipomuuliza kwa nini wafiche, akanijibu, "Wakikubali yapo, si itabidi waseme aliyejenga ni nani?" Nilijifanya nakohoa. Mimi fizikia nimeisoma chuoni, halafu nikae nifundishwe habari za vivuli na mtu aliyeishia darasa la saba. Mniambie kama hiyo si adhabu.

Mshenga wangu alipopeleka posa, ndugu wote waliridhika. Mzee akasema habari ya mahari haina haraka, kwanza niende mwenyewe nitazame picha moja, nimwambie ninachoona. Oliva akaniambia, "Mwambie tu ukweli, baba anakuheshimu sana." Nikaona huyu naye hawajui wazee. Ukweli gani unamwambia mtu aliyeshika mke wako mkononi?

Nikaenda. "Shikamoo baba." "Marahaba mwalimu, kaa hapa kwenye mwanga." Akanisogezea karatasi. Kioo chake hakukigusa siku hiyo, nikajua ni uzee. Akasema, "Wewe umesoma. Tazama taratibu. Kama hakuna kitu, sema hakuna."

Nilitazama. Matundu na vumbi, basi. Nikasema, "Naona, baba."

"Unaona nini?"

Hapo nikakwama. Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili. Nikaweka kidole kwenye duara moja lililokuwa karibu, na kwa sababu nimekulia nyuma ya ng'ombe, neno lililonijia ni moja tu. "Hapa naona kama zizi."

Nilitegemea atanifukuza. Mzee akavua miwani, akasema polepole, "Mivukuto ya kupulizia moto wa tanuru hutengenezwa kwa ngozi. Miaka yote hii najiuliza, hao watu ngozi walitoa wapi." Akamwita mkewe atoke jikoni. "Njoo umsikie mkweo. Sisi tungetazama mpaka tuzeeke tusingeliona zizi. Ilibidi aje Msukuma."

Posa ikapokelewa palepale. Mahari akapunguza mpaka wajomba wa Oliva wakanuna. Nilitoka pale najipongeza, nikimcheka moyoni njia nzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa kituko. Mzee ameandika jina langu kwa wino mwekundu juu ya karatasi ile, anaitembeza kwa majirani, anaionyesha watu wakitoka misa, na shuleni kwetu kaja nayo pia. Wanafunzi ninaowafundisha somo la mwanga na vivuli wananiita Mwalimu Zizi. Mkuu wa shule kaniita ofisini kuniuliza kama nyumbani kuna matatizo. Sasa mzee amepata mtu wa Laela wa kununua maksai wake wa kulimia, ili mimi na yeye tupande basi mpaka Dar es Salaam, tuwaendee wenye magazeti na maprofesa, mimi nikiwa shahidi wake msomi. Maksai wale ndio wanaoilisha nyumba ile.

Juzi nikaenda kwa mama mkwe nikiwa nimefura. Nikamwambia mzee wake amezidi, amzuie, anatuaibisha wote. Mama alikuwa anapepeta ulezi. Akaendelea kupepeta, kisha akasema, "Mwanangu, baba yenu alikuwa ameshachoka. Asubuhi ile aliniambia, mwalimu akisema hakuna kitu, nazichoma zote narudi shambani. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika kiberiti, nasubiri useme."

Nikaaga, nikaondoka.

Sitaki kuwadanganya na ninyi, mzee yule namdharau mpaka ninavyoandika hapa. Ila usingizi sipati. Oliva anaamini kwamba baba yake aliambiwa ukweli, na ananipenda zaidi kwa hilo. Nikikiri, mke sina. Nikikaa kimya, Jumamosi maksai wanapelekwa Laela na msimu wa kulima unaanza. Wenye busara mnisaidie: nikamwambie nani kwanza, na nianzie wapi?